Bei Imepakwa Rangi Upya

Mwanzo iliandikwa elfu moja.
Naikumbuka ile moja, imesimama wima
kama mtoto aliyeitwa jina darasani.
Idi iliyofuata ikawa mbili.
Mwaka huu wamepaka chokaa juu ya yote, wakaandika tano,
ila chokaa yenyewe nyepesi,
ukisimama upande wa jua unaziona bei za zamani
zinachungulia
kama shimizi chini ya gauni la kuazima.

"Tano ni kuingia tu, mama," anasema binti wa getini.
Ng'washi. Jina limedariziwa kifuani kwa uzi mwekundu,
nami, fundi cherehani, naona mshono umeanza kulegea.
"Gurudumu ni tatu. Puto la kuruka, mbili.
Chini ya miaka mitatu, bure."
Lushinge ana sita. Akakunja magoti kidogo.
Binti akacheka, lakini hakupunguza.

Chakula cha nje hakiruhusiwi.
Viazi vyangu vikabaki kwa mlinzi ndani ya hotipoti,
vikapewa kikaratasi: namba kumi na saba.

Watu watatu, elfu kumi na tano.
Mimi fedha siihesabu kwa noti.
Naihesabu kwa mapindo ya sketi za shule,
kwa zipu za suruali za vijana wa kiwanda cha samaki,
kwa usiku ule umeme uliporudi saa nane
nikaamka nikashona hadi adhana.
Nilipovuka geti nilikuwa nimelipa
mgongo wa wiki nzima.

Ndani, foleni. Soda ya mia saba inauzwa elfu mbili.
Farasi wa bati, jicho limebanduka.
Baba mmoja wa Kirumba anagomba na mwenye puto
kwamba dakika kumi hazijaisha,
anaonyesha saa yake, mwenzake anaonyesha yake,
na mtoto wao katikati anaruka, anaruka, anaruka,
anajiongezea muda.

Ilibaki elfu tatu. Gurudumu, mtu mmoja.
Nikaficha kijiwe kwenye kiganja, wakachagua.
Minza akapata.
Lushinge hakulia. Angelia ningeona nafuu.

Gurudumu likampandisha, juu ya miti, juu ya mabati,
na alipofika kileleni kabisa
umeme ukakatika.

Kimya. Hata muziki.
Watu wakaguna, fundi akakimbilia jenereta,
jenereta likakohoa likakataa,
na mimi nimeshika kidevu, mdomo wazi,
nikasikia sauti yake kutoka mbinguni:
"Mamaaa! Naiona nyumba yetu!"

Igogo, ng'ambo ya maji,
vyumba vyetu viwili vimeng'ang'ania mwamba kama kupe.
"Naliona bati letu lenye mawe! Naiona shuka ya bluu!
Mama, shuka imeanguka!"
Dakika kumi na moja alikaa huko.
Kumi na moja! Aliyelipiwa tatu.
Lushinge naye anauliza kutoka chini:
na mimi unaniona? Na choo unakiona? Na mbuzi wa kina Kwilasa?
Akajibiwa yote, moja moja, kwa kelele,
bustani nzima ikajua tuna choo na jirani ana mbuzi.

Kwetu, ziwa tunaliona bure.
Meli tunaziona, jua likizama tunaliona,
hata gurudumu lenyewe usiku, na taa zake.
Mwenye nyumba ana mengi anayotutoza,
hilo bado halijamjia akilini.
Kitu kimoja tu hatujawahi kukiona tukiwa pale mlangoni.

Jioni Mama Sumbuka akaniuliza,
"Kumi na nane zote hizo! Imelipa?"
Nikamwambia viazi vilirudi vimepoa.
Nikamwambia shuka kweli ilikuwa imeanguka.

Sasa ni saa tatu. Taa za gurudumu zinazunguka ng'ambo.
Minza amekaa kizingitini anapunga mkono,
eti pengine kuna mtu kileleni.
Lushinge ameegemea cherehani.
"Mama, mwakani itakuwa ngapi?"
Nina pini mdomoni.
Namwonyesha kwa kidole: shika kitambaa, kaza hapo.